Trebusheti ya Mradi wa Fizikia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi na walimu wa sekondari wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria. Vipimo vyote ni vya zana moja: mkono wa sentimita (sm) 150, mzigo wa kilo 10 na mpira wa gramu 100. Ukibadilisha kimoja, piga hesabu upya kabla ya kukata mbao.

Trebusheti ni nini, na ina tofauti gani na manati?

Manati hupata nguvu kwenye utepe wa mpira uliovutwa. Trebusheti haina utepe huo wala springi. Ni wenzo: upande mfupi umening'inizwa ndoo nzito, upande mrefu umefungwa kombeo. Ndoo ikishuka, mkono mrefu unapanda, kombeo linafuata nyuma yake kwa kuchelewa kidogo, kisha linaupita na kuachia mpira. Aliyewahi kulinda mpunga kwa kombeo ndege wasile anaijua tayari nusu ya zana hii. Nusu iliyobaki ni ndoo inayofanya kazi ya bega lake.

Kabla mizinga haijatawala vita, zana za aina hii ndizo zilizobomoa kuta za ngome. Mwaka 1304 Mfalme Edward I wa Uingereza alijengewa moja kubwa mno alipoizingira ngome ya Stirling huko Uskoti. Yenu itakuwa ndogo, lakini fizikia ni ileile.

Tutumie vipimo gani?

Mkono mzima sm 150. Mhimili, yaani bomba ambalo mkono unazungukia, upite sm 30 kutoka ncha nene, ili upande mfupi uwe sm 30 na mrefu sm 120, yaani moja kwa nne. Kitovu cha mhimili kiwe sm 95 kutoka ardhini. Mkono ukilazwa kwa pembe ya nyuzi 45, ncha yake ndefu inashuka sm 85 chini ya mhimili, hivyo inabaki sm 10 juu ya ardhi. Nafasi hiyo inatosha kwa kombeo kupita.

Ndoo ya lita 10, ikining'inia kwa kamba ya sm 15, inaacha kama sm 25 hadi ardhini inapofika chini kabisa. Msiifupishe miguu ya kiunzi kwa kuokoa mbao. Ndoo ikigusa chini hata mara moja, mtetemo unapasua mkono.

Vifaa ni vipi, na Mwanza vinapatikana wapi?

Mbao za mbili kwa mbili, vipande vitatu vya futi 12, zinatosha zana nzima ukizikata hivi. Ya kwanza: mkono (sm 150) na miguu miwili (sm 105 kila mmoja). Ya pili: miguu miwili na boriti ya chini moja (sm 120). Ya tatu: boriti ya chini ya pili na mbao mbili za kukatiza (sm 55 kila moja). Kinachobaki kwenye ya tatu, kama sm 130, kifanyeni mbao za mshazari. Chagueni paini kavu. Tazameni kwa makini kipande cha mkono: kisiwe na fundo la tawi karibu na sm 30 kutoka ncha, maana hapo ndipo mzigo wote unapokaa.

Vingine ni bomba la chuma la nusu inchi lenye urefu wa sm 55 kwa ajili ya mhimili, bolti nane za milimita 10 na washa zake, plaiwudi ya milimita 12, ndoo ya plastiki ya lita 10, mchanga mkavu, msumari mmoja wa inchi 4 na grisi kidogo. Hivyo vyote viko duka lolote la vifaa vya ujenzi. Kamba ya kombeo ndiyo ya kutafutia Mwaloni, Kirumba, kwa wauza nyavu. Ombeni kamba nyembamba ya kusuka, kama milimita 3, wala si uzi laini wa nailoni. Uzi wa nailoni unavutika, na kombeo linalobadilika urefu kila mrusho halikupi data ya kuaminika.

Kwa nini mkono usiwe wa mbili kwa nne? Si ndiyo imara zaidi?

Ni imara, ila inakula nishati. Hili ndilo jambo linaloharibu miradi mingi, na hesabu yake ni ya kuweka kwenye ripoti.

Ndoo ya kilo 10 inashuka kama sm 51 kutoka juu hadi chini, kwa hiyo inatoa jouli 50 (10 × 9.8 × 0.51). Hizo ndizo zote mlizonazo. Wakati huohuo mkono wenyewe lazima uinuliwe, kwa kuwa kitovu cha uzito wake kiko upande mrefu. Mkono wa mbili kwa nne una kama kilo 3.6, na kuuinua kunagharimu jouli 27. Zaidi ya nusu imekwisha kabla mpira haujapata kitu! Mbili kwa mbili, kama kilo 1.8, inagharimu jouli 13.5. Mbili kwa mbili iliyochongwa upande mmoja kuanzia kwenye mhimili, upana ukapungua polepole kutoka sm 5 hadi sm 2.5 kwenye ncha, inagharimu jouli 9 tu.

Kazi ya randa kwa fundi seremala, isiyofika hata saa moja, inawarudishia karibu jouli 5. Hakuna marekebisho mengine ya bei hiyo yenye faida kama hiyo. Pimeni uzito wa mkono wenu wenyewe. Mbao mbichi inaweza kuzidi sana namba hizi.

Nondo haifai kuwa mhimili?

Nondo ina mistari iliyoinuka mwilini. Inakwaruza tundu kama tupa, linapanuka, na baada ya mirusho kadhaa mkono unaanza kuyumba kushoto na kulia. Bomba la nusu inchi ni laini na kipenyo chake cha nje ni kama milimita 21. Toboeni tundu la milimita 22 na mpake grisi.

Tundu la ukubwa huo linabakiza mbao chache juu na chini, kama milimita 14 kila upande. Kwa hiyo kabla ya kutoboa, bandikeni vipande viwili vya plaiwudi, kimoja kila ubavu, urefu sm 20, kwa gundi ya mbao na skrubu nne. Gundi ikikauka ndipo mtoboe vyote vitatu kwa pamoja. Mkono usioimarishwa hivi hupasuka kwenye tundu, na ufa hufuata nyuzi za mbao kuelekea ncha ndefu. Ukiuona ufa mwembamba kama unywele, acheni kurusha siku hiyo.

Tuanze na nini katika kuunda?

Anzeni na kiunzi. Kila upande ni pembetatu: miguu miwili inakutana juu na kusimama kwenye boriti ya chini, nafasi kati ya nyayo zake ikiwa kama sm 90. Fungeni kwa bolti. Misumari hulegea kwa mtetemo, na kiunzi kilicholegea kinakunywa nishati bila nyinyi kuona. Wekeni pembetatu hizo mbili sambamba, sm 40 kati yake, juu ya zile mbao mbili za kukatiza, moja mbele na moja nyuma. Kisha mbao za mshazari kwenye kila ubavu. Katikati kubaki wazi kabisa, kwani mpira, ndoo na mkono vyote vinapita hapo.

Juu ya mbao za kukatiza lazeni plaiwudi yenye upana wa sm 30 na urefu wa sm 120, iliyopigwa msasa vizuri. Huo ndio mfereji wa mpira. Watu wengi hushangaa kwamba mpira unaanza safari yake chini ya mkono, karibu na mhimili, na unavutwa kwanza kwenda nyuma. Ndivyo inavyotakiwa.

Kifyatuo ni rahisi. Fungeni kamba kwenye boriti ya kushoto karibu na mwisho wa nyuma, ipitisheni juu ya mkono uliolazwa, na upande wa kulia ishikwe na pete iliyochomekwa msumari mlegevu kwenye boriti. Msumari huo una uzi wa mita 5. Ukiuvuta, kamba inateleza juu ya mkono na kuangukia kushoto, mbali na kombeo. Kani ya kuushikilia mkono hapo ni kama nyutoni 29, sawa na kubeba kilo 3, kwa hiyo msumari hautakwama.

Mshikio wa ndoo usiuamini. Waya wake huchomoka kwenye masikio ya plastiki. Zungusheni kamba chini ya ndoo kama msalaba, ipande pande zote nne na kukutana kwenye bolti ya upande mfupi.

Mchanga au maji?

Mchanga mkavu. Lita moja ya mchanga mkavu ni kama kilo moja na nusu, hivyo kilo 10 hazijazi hata lita 7. Pimeni kwa mizani ya kuning'iniza kama ile ya wauza samaki, ndoo ikiwemo. Maji yanayumba ndani ya ndoo na hakuna mrusho unaofanana na mwenzake. Mchanga ukinyeshewa unaongezeka uzito, kwa hiyo funikeni ndoo na mpime upya kila siku ya majaribio.

Kombeo liwe na urefu gani?

Anzeni na sm 100 kutoka ncha ya mkono hadi katikati ya kifuko. Kamba ni mbili: moja imefungwa moja kwa moja kwenye ncha ya mkono, ya pili ina pete ndogo ya chuma inayovikwa kwenye msumari wa kuachia. Kifuko ni kipande cha jinzi cha sm 10 kwa 14. Kikiwa kirefu na cha kina mno mpira unang'ang'ania humo na kuangushwa mbele ya zana. Kikiwa kidogo mno unachomoka mferejini. Kabla ya kutumia, ning'inizeni kilo 5 kwenye kamba zote mbili usiku kucha zivutike mara moja na kumaliza.

Msumari wa kuachia unafanyaje kazi?

Kata kichwa cha msumari wa inchi 4, piga tupa mpaka ncha iwe ya mviringo, kisha iingize kwenye ncha ya mkono ukibakiza sm 3 au 4 nje. Pete inateleza na kutoka pale kombeo linapokaribia kunyooka na msumari. Hivyo pembe ya msumari ndiyo saa ya zana nzima.

Msumari ulionyooka sawasawa na mkono unaachia mapema, na mpira unakwenda juu sana au hata nyuma. Ukiukunja kuelekea upande unaorushia, pete inachelewa kutoka na mpira unaruka chini zaidi. Anzeni na mkunjo wa nyuzi 20, kisha badilisheni nyuzi 5 kwa wakati. Kurefusha kombeo nako kunachelewesha kuachia, kulifupisha kunawahisha. Kwa hiyo msibadilishe vyote viwili kwa pamoja, la sivyo hamtajua kipi kimefanya kazi.

Angalieni jambo hili kwa karibu: msumari ni wa mviringo, na baada ya mirusho kumi hivi unaweza kuzunguka ndani ya tundu lake bila kuonekana. Mkunjo uliokuwa unatazama mbele sasa unatazama pembeni, na mpira unaanza kwenda kushoto. Chora alama ya kalamu kwenye msumari na kwenye mbao, zikutane. Zisipokutana, msumari umezunguka. Ufunge kwa waya mwembamba.

Itarusha mita ngapi?

Kama nishati yote ya ndoo ingeingia kwenye mpira, na mpira ukaachiwa kwa nyuzi 45, umbali ungekuwa:

umbali = 2 × (uzito wa mzigo ÷ uzito wa mpira) × kimo ambacho mzigo umeshuka

Kwenu ni 2 × 100 × 0.51, yaani mita 102. Tazameni: mchapuko wa mvutano wa dunia umejifuta kwenye hesabu. Zana hii ingefika palepale hata mwezini.

Uwanjani hamtapata mita 102. Mkono unachukua sehemu yake, ndoo inabaki ikibembea mwishoni, msuguano unakula, na hewa inauzuia mpira. Mkifika mita 35 hadi 40 mmefanya kazi nzuri sana. Gawanyeni umbali wenu kwa 102 na mtapata kadirio la ufanisi. Ripoti iliyo bora ni ile inayosema jouli nyingine zimekwenda wapi, moja baada ya nyingine, hata kama zana ya kundi jingine imerusha mbali zaidi.

Kosa la kawaida ni kusahau kimo cha kuachia. Mpira unaachwa karibu mita 3 juu ya ardhi, na kwa nyuzi 45 hizo zinaongeza karibu mita 3 za umbali. Zitoeni kabla ya kupiga hesabu ya ufanisi.

Tutupe nini? Mawe yamejaa kila mahali.

Yamejaa, na yaacheni. Jiwe la Mwanza ni gumu, halina umbo moja, na likigonga mwamba linarudi kokote. Tumieni mpira wa tenisi, ambao mtupu una gramu kati ya 56 na 59. Upasueni kidogo, ongezeni mchanga mpaka mizani isome gramu 100, zibeni kwa utepe imara. Tengenezeni mitano inayolingana.

Tunaweza kurushia ziwani?

Hapana. Hamwezi kupima umbali juu ya maji, mitumbwi ya wavuvi inapita karibu na ufuko kuliko mnavyodhani, na mwenye kwenda kuokota mpira kwenye maji ya pembezoni anaweza kupata kichocho. Tafuteni uwanja wa mpira wa miguu.

Shule nyingi za mjini ziko mlimani na viwanja vyake vimeinama. Kama mahali mpira unapoangukia pako chini kwa mita moja, umbali unaongezeka kwa karibu mita moja. Tumieni mpira wa maji, ule wa bomba la plastiki angavu la mafundi ujenzi, kupima mwinamo, na mwandike namba hiyo.

Saa ngapi ni nzuri kwa majaribio?

Asubuhi, kabla ya saa nne. Jua likishapanda, nchi kavu inapata joto kuliko maji na upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani. Mpira wa gramu 100 unausikia sana upepo huo. Kitu kingine cha kutaja kwenye ripoti: Ziwa liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya Mwanza ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Ukinzani wake unapungua kwa kiasi hichohicho.

Mwalimu mkuu ana wasiwasi wa usalama. Tumweleze nini?

Wasiwasi wake ni wa haki, na umwonyeshe taratibu hizi zikiwa zimeandikwa. Hakuna anayesimama mbele wala nyuma ya zana. Nyuma ni hatari vilevile, maana msumari ukiachia mapema mpira unarudi huko. Watazamaji wakae ubavuni, mita 15, nyuma ya mstari wa chokaa. Mtu mmoja tu ndiye mwenye uzi wa kifyatuo, na hauvuti mpaka ahesabu kwa sauti.

Mpangilio ni huu: laza mkono, funga kamba ya kifyatuo, chomeka msumari wa pili wa usalama, kisha weka mpira kwenye kifuko. Wote wakishatoka, mwenye uzi anachomoa msumari wa usalama akiwa ubavuni. Ukiacha kuweka mpira huo msumari wa usalama ukiwa umechomekwa, kamwe mtu asiingize kichwa au mkono wake kati ya pembetatu mbili wakati ndoo iko juu. Mrusho wa kwanza kabisa ufanyike kwa kilo 5 na kombeo likiwa tupu.

Tupime vipi ili data iaminike?

Pimeni mahali mpira unapogusa ardhi mara ya kwanza, si unaposimama baada ya kubingirika. Watu wawili wakae ubavuni mwa eneo la kuangukia, kila mmoja achomeke kijiti anapoona, na mchukue katikati. Mirusho mitano kwa kila mpangilio. Badilisheni kitu kimoja tu kati ya mpangilio na mpangilio.

Pimeni pia muda wa kuruka kwa saa ya simu, maana muda na umbali vinawapa pembe ya kuachia bila kifaa kingine:

tanjenti ya pembe = 4.9 × muda × muda ÷ umbali

Mpira ulioruka mita 38 kwa sekunde 2.8 uliachiwa kwa nyuzi 45 hivi. Ulioruka mita 38 zilezile kwa sekunde 3.4 uliachiwa kwa nyuzi 56, na hapo mnajua kuna umbali ambao bado hamjauchukua: kunjeni msumari kidogo mbele. Kanuni hii haizingatii kimo cha kuachia, lakini kwa kurekebisha zana inatosha.

Video ya kawaida ya simu, picha 30 kwa sekunde, haitoshi kuona mpira ukiachiwa. Kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde unasogea sm 67 kati ya picha na picha. Tumieni mwendo wa polepole kama simu inao.

Mpira unakwenda kokote, kila mrusho tofauti. Tuangalie nini?

Kwanza ndoo: ilikuwa imetulia kabla ya kufyatua, au ilikuwa inabembea? Pili pete: imevikwa mpaka mwisho wa msumari kila mara? Tatu, kamba mbili za kombeo ziko sawa kwa urefu, na hazijapishana? Nne, kiunzi kimesogea? Kama kinaruka mbele kila mrusho, chimbieni vigingi vinne. Tano, alama ya msumari. Kwa kawaida mnapata jibu kabla ya kufika la tano.

Kuna wanaoweka magurudumu. Yanasaidia?

Yanaweza kusaidia, kwa sababu kiunzi kinaposogea kinaiacha ndoo ishuke wima zaidi badala ya kuzunguka. Lakini faida ni kubwa kwa zana ambayo mzigo umefungwa imara kwenye mkono. Yenu ina ndoo inayoning'inia, kwa hiyo tayari inashuka karibu wima. Fanyeni hilo baada ya kumaliza data ya kwanza.

Tukiongeza mzigo hadi kilo 20, umbali utakuwa mara mbili?

Hapana. Mkono na kombeo navyo vinahitaji kuharakishwa, na pembe ya kuachia itabadilika, kwa hiyo lazima msumari urekebishwe upya. Kwa kiunzi hiki tunashauri mwisho uwe kilo 15. Chora grafu ya kilo 5, 7.5, 10, 12.5 na 15. Mahali mstari unapoanza kupinda panafaa kuandikiwa aya nzima.

Tuihifadhi vipi msimu wa mvua?

Ilazeni ndani, juu ya matofali, isiguse sakafu. Legezeni bolti nusu mzunguko, kwani mbao ikivimba kwa unyevu inajipasua yenyewe kwenye washa zilizokazwa. Mwageni mchanga. Kombeo litundikwe peke yake mahali panya hawafiki, kisha lipimwe urefu upya kabla ya mrusho wa kwanza wa muhula mpya.